Nisalimieni Visika

Shule ya Wasichana,
Kikima, Mbooni.
Jumapili, 17 Septemba 1972

Kwa Susu mpendwa,

Siku uliponisindikiza mpaka njia panda nilikuahidi kwamba nitakuandikia mambo yote, mazuri na mabaya, bila kukuficha hata moja. Leo natimiza. Shangazi Mutindi atakusomea, na ninamwomba asiruke neno. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu barua zetu husomwa kwanza na mwalimu wa zamu, na wa muhula huu hajui Kikamba.

Mimi ni mzima. Huku Mbooni ukungu unashuka mpaka madirishani, na asubuhi maji ya kunawa yanauma vidole. Ungekuwa hapa ungesema nchi hii inapoteza maji ovyo, na sisi Nuu tunachimba mchanga wa mto kuyatafuta.

Sasa nakuambia jambo lenyewe. Nimeingia darasa la ubatizo. Tuko wasichana tisa, na tutabatizwa Jumapili ya mwisho ya Novemba. Anayetufundisha ni Mchungaji Kang'ethe, mtu wa Kiambu. Ni mpole na hucheka polepole. Alisema kila mmoja atasimama mbele ya kanisa, aseme jina lake, aliyekuwa nalo zamani katika Biblia, na maana yake.

Ilipofika zamu yangu aliuliza, "Visika ni nani?"

Nikasema, "Ni mimi, Mchungaji."

"Najua ni wewe. Nauliza, katika Biblia ni nani?"

Nikasema ni nyanya yangu, yaani wewe Susu. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaangusha kitabu. Wewe unajua kwamba sikusema kwa mzaha. Tangu nizaliwe najua kwamba mimi ni Visika Syokau kwa sababu wewe ni Visika Syokau, na ndiyo maana Baba huniita Mwaitu, kana kwamba mimi ndiye mama yake. Sikuwahi kufikiri kwamba kabla yako kulikuwa na mwingine.

Mchungaji alitafuta katika Biblia yake ya Kiswahili, nami nikatafuta katika yangu siku tatu, tangu Mwanzo mpaka Ufunuo. Visika hayumo. Mchungaji alisema labda aliyekubatiza alikosea, na kwamba hakuna ubaya, nichague jina jingine. Mumbua, anayelala kitanda cha juu yangu, ameanza kuniita Kisiki. Anasema Visika ni visiki vingi na mimi ni kimoja. Simjibu.

Nimefikiria Ruthu au Damari. Lakini jina ni lako kabla ya kuwa langu, kwa hiyo sitaliacha bila ruhusa. Je, unaniruhusu?

Ni mimi wajina wako,
Visika Syokau (mdogo)

*

Nuu.
28 Septemba 1972

Mpendwa Syokau,

Barua yako nimemsomea Susu yako nje, akisuka kiondo. Sikuruka neno kama ulivyoagiza. Haya ndiyo maneno aliyosema niandike:

"Mwambie nimesikia. Mwambie achague jina analotaka, lililo ndani ya Kitabu. Mtoto asibebe kitu kisicho na mwenyewe. Mwambie asome, na asijibizane na huyo anayemwita Kisiki."

Hapo nikadhani amemaliza. Kisha akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa chake cheupe cha kichwani, cha Jumapili, akasema kitumwe kwako. Nimekifunga pamoja na barua hii. Anasema kitakufaa siku ya ubatizo.

Huku tunangoja mvua. Mbuzi mwekundu amezaa pacha. Baba yako alileta unga wa kutosha kutoka Sultan Hamud. Susu hajambo, ila Jumapili iliyopita alikuwa na kazi ya mbuzi.

Usome kwa bidii.

Shangazi yako,
Mutindi

*

Kikima, Mbooni.
Jumapili, 8 Oktoba 1972

Kwa Susu mpendwa,

Kitambaa kimefika. Nilikifungulia kitandani, kikanuka moshi wa jikoni kwako, nikakaa nacho usoni mpaka kengele ya chakula. Hata Mumbua alisema ni kizuri. Nakushukuru kwa kitambaa na kwa ruhusa pia. Nilikuwa naogopa kwamba utakasirika, kumbe una moyo mkubwa.

Nimechagua Damari. Alikuwa mwanamke wa Athene, aliyemwamini Paulo siku ile wengine walipomcheka. Nimejizoeza kuliandika nyuma ya daftari: Damari Syokau, Damari Syokau. Mkono bado unataka kuanza na V.

Jambo moja tu limenijia usiku huu wa kuandika barua. Kitambaa cheupe ninachokijua ni kimoja. Kile cha maua ulimpa Mama alipokwenda kujifungua. Sasa wewe Jumapili unajifunga kipi?

Nijibu hilo, na unieleze majina ya wale mbuzi pacha.

Ni mimi,
Syokau mdogo

*

Nuu.
16 Oktoba 1972

Syokau mwanangu,

Umeuliza Susu yako anajifunga kipi Jumapili. Hajifungi. Barua ya kwanza sikukuambia kwa sababu yeye alikuwa ameketi karibu, na kwa sababu wewe una masomo. Lakini umeuliza sawasawa, na sitaki ukue ukidhani shangazi yako anajua kudanganya.

Tangu nilipomsomea kwamba jina lake halimo katika Biblia, hajatia mguu kanisani. Meza ya Bwana ilipoandaliwa alibaki nyumbani. Jumatano ya akina mama haendi. Halii wala halalamiki. Anasuka kiondo, na kikifika karibu na mdomo anakifumua, anaanza tena.

Mbinya, yule mkubwa wa akina mama wa kanisa, alikuja kumwona. Nilikuwa jikoni nikawasikia.

Mbinya akasema, "Syokau, Mungu anakujua. Hata ungeitwa Mbuzi angekujua."

Susu akasema, "Mbuzi wamo kwenye Biblia. Mimi ndiye simo."

Mbinya akacheka. Susu hakucheka. Akasema, "Siku ile kitabu kitafunguliwa, na majina yataitwa kama watoto wa shule. Nitasimama pale tangu asubuhi. Wataita wote, wafunge kitabu. Nitaitika wapi?"

Mbinya akaomba maji ya kunywa.

Usijilaumu. Uliuliza swali kwa heshima. Nimemwuliza ni nani aliyempa jina hilo, na alichoniambia ni kidogo. Alikuwa msichana kama wewe, misheni, kabla ya vita vya pili vya dunia. Aliyempa ni bibi mzungu aliyekuwa akifundisha kushona. Alimwona anavyosuka vyondo, akasema, "Wewe nitakuita jina la yule mwanamke aliyeshona hema pamoja na mumewe." Mzungu mwenyewe alikufa zamani. Susu anasema sasa anadhani yule bibi alikuwa akimtania.

Huko mna walimu na vitabu. Angalia kama kuna la kufanya.

Mutindi

Mbuzi bado hawana majina. Susu amesema tusiwape.

*

Kikima, Mbooni.
Jumapili, 22 Oktoba 1972

Kwa Mwalimu Wariara,
Kilungu.

Mwalimu mpendwa,

Natumaini u mzima katika shule yako mpya, na kwamba wasichana wa huko wanasimama vizuri unapoingia darasani. Sisi hapa bado tunasimama ulivyotufundisha, ingawa mwalimu mpya wa historia hajali.

Nakuandikia kwa shida. Nimemkosea nyanya yangu bila kujua. Nilimwambia kwamba jina lake la ubatizo, Visika, halimo katika Biblia, nikamwomba ruhusa ya kuliacha. Akaniruhusu. Kisha akanitumia kitambaa chake cha kanisani, nami nikakifurahia kama zawadi. Kumbe alikuwa anakiacha. Haendi tena kanisani. Anasema siku ya kuitwa majina hatakuwa na jina la kuitikia.

Nimetafuta katika Biblia yote, na katika kamusi ya maktaba, chini ya V. Nimepata visa, visima, visiwa, na visiki bila shaka. Nyanya anakumbuka kitu kimoja tu, kwamba bibi mzungu wa misheni alimwambia ni jina la mwanamke aliyeshona hema pamoja na mumewe. Katika orodha ya majina ya Biblia sikumwona mshona hema.

Wewe ulituambia mara moja kwamba majina hutembea nchi nyingi, na yakifika yamechoka na vumbi. Je, hili limetoka wapi? Kama limetungwa tu, tafadhali niambie vilevile. Nitajua namna ya kukaa nalo.

Mwanafunzi wako,
Visika Syokau, Kidato cha Pili

*

Kilungu.
28 Oktoba 1972

Mpendwa Syokau,

Barua yako imenikuta nikimenya machungwa. Mwenye nyumba yangu ana miti kumi ya matunda na hana mlaji. Nimeisoma mara mbili, kisha nikacheka, na tafadhali usikasirike. Nimecheka kwa sababu mlipokuwa mkinisalimu darasani, wote arobaini, mlisema, "Hujambo Mwalimu Waliala." Miaka miwili niliitwa Waliala. Sikuwasahihisha kwa sababu kwetu Kiambu tuna ugonjwa huohuo uliogeuzwa. Shangazi yangu Lidia anaitwa Ridia mpaka leo, na akisikia Lidia hageuki.

Sasa fikiri. Mkamba wa zamani akipewa jina lenye P na R zikiwa zimeshikana mwanzoni, atafanya nini? R ataiacha njiani. P ataifanya V, kama wazee wanavyosema Vetelo wakimtaja Petro. Na S na K hawezi kuziacha zikigongana, ataweka kairabu katikati. Chukua Visika, uirudishe nyuma ulikotoka. Umeona? Ni Priska.

Fungua Warumi, sura ya kumi na sita, mstari wa tatu. Halafu fungua Matendo, kumi na nane. Huko Luka anamwita Prisila, lakini ni mwanamke mmoja. Yeye na mumewe Akila walikuwa washona hema. Walifukuzwa Roma, wakamkaribisha Paulo nyumbani kwao, wakafanya kazi pamoja naye. Jina hilo hakulitunga mtu. Yule bibi mzungu alimpa nyanya yako jina alilolipima vizuri, na hakumtania.

Mimi nilisoma Kilatini miaka minne kwa mwalimu Mwingereza aliyetupiga rula vidoleni, na sikuwahi kujua kitanifaa nini. Leo kimenifaa. Priska ni neno la Kilatini, na kwa mwanamume ni Prisko. Maana yake ni wa kale, aliyetangulia, wa siku za mwanzo. Kwetu kumwita msichana Mzee kungekuwa matusi. Kwa Warumi ilikuwa heshima, maana waliamini kwamba watu wa kwanza walikuwa waaminifu kuliko waliofuata.

Waliokuwa nalo ni wengi. Mfalme wa tano wa Roma alikuwa Tarkwinio, na baadaye akaja Tarkwinio mwingine, mbaya sana. Ili wasichanganywe, yule wa kwanza wakamwita Prisko. Yaani Warumi nao walikuwa na Syokau mkubwa na Syokau mdogo, ila mdogo wao aliwatia aibu, na wewe hutafanya hivyo. Kulikuwa na Helvidio Prisko, mtu wa baraza, aliyekataa kunyamaza mbele ya Kaisari na akafa kwa kukataa huko. Kulikuwa na Priska mke wa Kaisari Diokletiano, aliyeishi katika jumba la kifalme na hakupata raha, wala hakufa vizuri. Ninayempenda mimi ni Prisko mwandishi, aliyetumwa ugenini kwa mfalme Atila, adui aliyeogopwa kuliko wote. Alirudi akaandika aliyoyaona kwa utulivu kabisa, pamoja na alivyopewa uwele njiani mahali pa ngano. Mwambie nyanya yako wa Nuu kwamba wajina wake alikula uwele.

Jambo la mwisho nimekuwekea kwa makusudi. Prisila ni nini, basi? Warumi walikuwa na kijineno cha kuweka mwishoni mwa jina ili liwe dogo na la kupendwa, kama ninyi Wakamba mnavyoweka ka- mwanzoni. Priska ni wa kale. Prisila ni wa kale huyohuyo akiwa mdogo: kikongwe kichanga, bibi mdogo. Wewe unayeitwa Mwaitu na baba yako, hebu niambie kama umewahi kusikia jina linalokufaa zaidi.

Usimwonee haya Mchungaji. Mtu wa Kiambu hawezi kusikia Priska ndani ya Visika. Mpelekee mstari, asome mwenyewe.

Mwalimu wako,
Waliala

*

Kikima, Mbooni.
Jumamosi, 4 Novemba 1972

Kwa Susu mpendwa,

Shangazi, tafadhali msomee Susu barua hii akiwa ameweka kiondo chini.

Susu, niliahidi kukuambia yote, na barua ya kwanza nilikuambia nusu kwa sababu nusu ndiyo niliyoijua. Sasa ninayo yote.

Jina lako limo. Nililitafuta mahali pasipo pake. Aliyekubatiza alisema Priska, na watu wa Nuu wakalisema kwa vinywa vyao mpaka likawa Visika. Ni jina lilelile, limeshika vumbi tu. Limo katika barua ya Paulo kwa Warumi, mwishoni, anapotuma salamu. Katika wote anaowasalimu kwa jina, wa kwanza ni yeye. Anamtambulisha Fibi aliyewapelekea barua, kisha anasema nisalimieni Priska na Akila. Mke ametajwa mbele ya mume. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyenionyesha hilo.

Nilimpelekea mstari Jumatano, baada ya darasa. Aliusoma, akavua miwani, akausoma tena.

Akasema, "Visika." Kisha akasema, "Priska." Akayasema yote mawili mara nyingi kama mtu anayejaribu kiatu. Halafu akacheka kicheko chake cha polepole, akasema, "Mtoto, mimi nimehubiri mstari huu mara nyingi. Huyu mama amekuwa akinipita mlangoni na sikumjua."

Akaniomba nikuombe radhi kwa niaba yake, maana ndiye aliyesema kwamba aliyekubatiza alikosea.

Nami naomba radhi kwa niaba yangu. Nilipokea kitambaa chako nikicheka. Nimekifua, nimekipiga pasi kwa pasi ya Mumbua, nacho kimo ndani ya barua hii. Si changu. Nitafunga cha shule.

Sasa maana. Priska ni wa kale, aliyetangulia. Ni lugha ya Kilatini, na wafalme walilibeba, na mwandishi mmoja aliyelishwa uwele katika nchi ya ugenini, ambaye najua utampenda kuliko wafalme. Na Luka, aliyeandika Matendo, anamwita mama huyohuyo Prisila, yaani Priska mdogo. Kwa hiyo jina ni moja lakini lina ukubwa wa namna mbili. Wewe utabaki na kubwa, na mimi nimemwambia Mchungaji aniandike kwa dogo. Damari nimemfuta nyuma ya daftari. Nampenda bado, lakini hakunijua nilipozaliwa.

Nilimwambia Mumbua kwamba jina langu maana yake ni bibi mdogo. Akaniangalia sana, akasema, "Hiyo tulishaijua. Wewe unakunja hata soksi kabla ya kulala." Tangu siku hiyo ananiita Susu. Kwa hilo pia simjibu, lakini nacheka.

Ubatizo ni Jumapili tarehe 26 Novemba. Baba ameandika kwamba akipata ruhusa kazini atakuja Nuu Ijumaa kukuchukua, mlale Machakos kwa binamu yake, mfike huku Jumamosi jioni. Matron amekubali ulale katika chumba cha wageni. Kuna baridi, ulete blanketi lako.

Nimebakiza swali moja. Mchungaji amesema asubuhi hiyo, kabla hatujaingia majini, atasoma salamu za Paulo kutoka mwanzo. Atakapofika mstari wa tatu atasimama kidogo, kama mwalimu anapoita majina, na kutazama watu walioketi. Nimemwambia kuna mtu anayeweza kuwa pale, na anayeweza asiwe pale, na kwamba sitamjibia.

Susu, basi nijibu kwa barua ya kwanza itakayotoka Nuu: akisema nisalimieni Priska, utaitika?

Ni mimi wajina wako,
Prisila Syokau